SOMO: UANDISHI WA TAARIFA ZA MGONJWA MWENYE USUGU WA DAWA

Tinde, mkoani Shinyanga, ni njia panda. Barabara itokayo Nzega hugawanyika hapo: moja huelekea Shinyanga na Mwanza, nyingine Isaka na Kahama. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huhama kutoka machimbo hadi machimbo katika ukanda huo, hadi Geita. Vumbi la mawe yenye silika hudhuru mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu. Mchimbaji aanzaye dawa kituo kimoja na kuhamia kingine hutegemea maandishi aliyopewa. Yakiwa pungufu, huenda akaanzishiwa tena dawa zisizomfaa, na kuwaambukiza wengine.

Ifahamike kwamba usugu ni wa vimelea, si wa mwili wa mgonjwa. Kwa mujibu wa Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, Toleo la 10, ugonjwa huandikwa kwanza, kisha msimbo wa usugu huongezwa. Kifua kikuu cha mapafu kilichothibitishwa maabara huangukia A15. Usugu dhidi ya dawa za kifua kikuu ni U84.3. Usugu dhidi ya penisilini ni U82.0. Msimbo wa U84.3 ukiandikwa peke yake hautaji ugonjwa. A15 ikiandikwa peke yake huficha usugu, na mgonjwa huhesabiwa miongoni mwa wale wa kawaida. Toleo la 11, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari, 2022, lina misimbo yake. Hivyo kila takwimu yapasa kutaja toleo lililotumika.

Jalada la mgonjwa lioneshe yafuatayo:

(a) Aina ya sampuli na tarehe ilipochukuliwa.
(b) Jina la kila dawa iliyopimwa na jibu lake. Neno "sugu" pekee halitoshi. Usugu dhidi ya rifampisini hubadili mpango mzima wa tiba.
(c) Dawa alizokwisha kutumia na kwa muda gani.
(d) Kama usugu umethibitishwa au unashukiwa tu. Kutopona si uthibitisho, kwani huenda dozi haikukamilika.
(e) Kituo alikopelekwa, pamoja na nakala ya majibu.

Mwaka 2009 Tanzania ilianza kutibu kifua kikuu sugu katika Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, mbali sana na Shinyanga. Katika safari ya namna hiyo, hati ya rufaa ndiyo msemaji wa mgonjwa.

Jambo hili lahusu visiwani pia, kwa kuwa wasafiri huvuka bahari pamoja na maradhi yao. Wananchi wanakumbushwa kutunza kadi zao, kukamilisha dozi na kutonunua viuavijasumu bila cheti cha daktari. Watumishi nao wanakumbushwa kuandika kwa ukamilifu na kutunza siri ya mgonjwa.