Mbegu, Udongo na Akili ya Mwanafunzi

Wakulima wa Tandahimba, katika uwanda wa juu wa Makonde, wanaufahamu vema ugonjwa wa ubwiriunga. Mkorosho wa mbegu bora usipopuliziwa salfa kwa wakati, maua yake hukauka na mavuno huwa haba. Kwa hiyo mtafiti wa kilimo anayetaka kulinganisha aina za mikorosho huzipanda katika shamba moja na kuzipa matunzo sawa. Matunzo yakitofautiana, hawezi kuzihukumu mbegu.

Kanuni hiyo huhusu pia akili ya binadamu. Mwaka 1934 daktari F. W. Vint wa Nairobi alichapisha vipimo vya bongo za Waafrika wa Kenya, akavilinganisha na vya Wazungu na kudai kuwa za Waafrika zilikuwa duni. Hakuwa amelinganisha watu waliokula, kuugua na kusoma kwa namna moja. Huko ni kulinganisha mikorosho ya mashamba mawili, moja limepata salfa na jingine halikupata.

Wilayani Embu, Kenya, watoto wa umri wa miaka 7 hivi walipewa jaribio la kukamilisha michoro mwaka 1984, na wengine wa umri huo mwaka 1998. Hao wa pili walipata alama za juu zaidi. Jeni za jamii hazibadiliki kiasi hicho kwa miaka 14. Watafiti walitaja lishe na afya bora zaidi, wazazi waliojua kusoma, na familia zenye watoto wachache.

Je, urithi hauna kazi? Unayo. Alama za pacha wa yai moja hukaribiana kuliko za ndugu wengine. Lakini chukua mahindi ya mbegu mchanganyiko, upande nusu penye rutuba na nusu kwenye mchanga mtupu. Ndani ya kila shamba, miche itatofautiana hasa kwa mbegu. Baina ya mashamba, itatofautiana kwa udongo.

Basi mwalimu asimwite mwanafunzi mzito wa akili kabla ya kuuliza amekula nini, ameteka maji umbali gani, na nyumbani kuna kitabu au hakuna.

Maswali
1. Kwa nini jeni haziwezi kueleza mabadiliko ya Embu?
2. Taja mambo matatu ya kusawazisha kabla ya kulinganisha alama za shule mbili.