HOMA YA INI: MARADHI YANAYOKAA KIMYA

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Mwaka jana tulimzika mjomba wangu akiwa na umri wa miaka 41. Pale matangani watu walisema mengi. Huyu ati karogwa, yule ati ni pombe, ilhali mjomba hakuwa mnywaji. Daktari alikuwa ametuambia jambo jingine: saratani ya ini iliyoletwa na homa ya ini sugu, aina ya B. Nimeona niwaeleze niliyojifunza, kwani maneno hayo yanatuchanganya wengi.

Kwanza, tutenganishe majina. Homa ya ini si homa ya manjano. Homa ya manjano huenezwa na mbu. Homa ya ini aina ya B, ambayo madaktari huiita hepatitisi B, haienezwi na mbu. Huletwa na virusi vinavyoshambulia ini. Watu huchanganya kwa sababu magonjwa yote mawili yanaweza kuyafanya macho yawe ya manjano.

Pili, neno "sugu". Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mtu ashikaye jembe kila siku. Haiumi, lakini haitoki. Basi ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Virusi vikikaa mwilini zaidi ya miezi 6, homa huitwa sugu. Mtu anaweza kuishi miaka 20 au 30 akilima na kucheza kandanda, asisikie maumivu yoyote. Kumbe ndani ini linaota makovu kidogo kidogo. Mjomba alipoona tumbo linafura, maji yalikuwa yamezidi unga.

Je, huambukizwa vipi? Ni kwa damu na majimaji ya mwili: mama kwa mtoto wakati wa kuzaa, sindano iliyotumika, kushiriki wembe au mswaki, na ngono isiyo na kinga. Umri nao una maana kubwa. Kati ya watoto wachanga 100 wanaoambukizwa, zaidi ya 90 hubaki na virusi. Kwa watu wazima 100, hawafiki 5.

Haiambukizwi kwa sahani, kikombe, salamu wala kukohoa. Nasisitiza hapa kwa sababu mjomba alitengewa sahani na kikombe chake. Alikuwa akila peke yake, amegeukia ukuta. Hakuna aliyekingwa na sahani ile, ila yeye aliumia.

Sasa, kinga. Hapa Kenya watoto wachanga walianza kupewa chanjo hii mwaka wa 2001, katika sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kwa hiyo wengi wetu tulidungwa. Lakini wazazi wetu je? Wao walizaliwa kabla ya hapo. Mtu mzima anaweza kupimwa damu, na akionekana hana virusi apewe chanjo, kwa kawaida sindano 3 katika miezi 6. Aliye navyo hufuatiliwa ini lake, na akihitaji hupewa vidonge vya kila siku. Kwa kawaida vidonge haviviondoi virusi kabisa, ila huvidhoofisha na kulilinda ini. Pia ajiepushe na pombe, na asile mahindi yaliyoota ukungu, maana sumukuvu na virusi hivi vikikutana hatari ya saratani huzidi sana.

Baada ya mazishi jamaa yetu walipimwa. Mama hana virusi. Mke wa mjomba hana, naye ameshamaliza sindano zake. Mama mdogo anavyo. Hajisikii mgonjwa hata kidogo, lakini kila miezi 6 huenda kliniki kuangaliwa ini. Nyumbani tunakula naye sinia moja, na hakuna anayemtengea kitu.

Wenzangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamwumbua. Mjomba hakuficha, hakujua tu. Likizo hii hebu muulize mzazi wako swali moja: "Umewahi kupimwa homa ya ini?" Akisema la, msindikize.