Picha za Kale za Bara Hindi: Namna ya Kuzisoma

Waingereza waliitawala Bara Hindi kwa muda mrefu. Hapo kwanza ilitawala Kampuni yao ya biashara. Kisha, mwaka 1858, utawala ukawekwa mikononi mwa Malkia Victoria, nao ukaendelea hadi Agosti 1947. Katika miaka hiyo zilipigwa picha maelfu kwa maelfu, na nyingi zimehifadhiwa hata leo katika maktaba na nyumba za makumbusho za London, Delhi na miji mingine. Mwenye kuzitazama huona majumba ya wafalme, tembo waliopambwa, madaraja ya reli, masoko, na nyuso za watu wa kila namna.

Lakini kutazama si kusoma. Picha yaweza kuwa ya kweli na hata hivyo ikampotosha mtu, kwa kuwa huonyesha kile tu kilichowekwa mbele ya kamera. Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi msomaji wa picha yampasa kuuliza mambo matatu: ni nani aliyeipiga, ilipigwa kwa ajili ya nani, na ni kitu gani kilichoachwa nje.

Kamera ya siku zile

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na haukuchelewa kufika Bara Hindi. Mwaka 1854 wapiga picha wa Bombay waliunda chama chao, na mwaka 1856 vikaundwa vingine Calcutta na Madras. Tangu mwanzo Wahindi wenyewe walikuwamo katika vyama hivyo.

Kazi ilikuwa ngumu. Mpiga picha alipaka dawa juu ya kipande cha kioo, akakitia katika kamera kabla hakijakauka, akafungua tundu kwa sekunde kadha wa kadha, kisha akakimbilia hemani, mahali pa giza, kukisafisha. Samuel Bourne, Mwingereza aliyesafiri katika milima ya Himalaya baada ya mwaka 1863, alihitaji wapagazi 30 na zaidi kumbebea vioo, dawa, hema na chakula. Milima yake ya theluji yapendeza mno, lakini migongo iliyobeba vioo vile haionekani ila mara chache.

Tena, kwa sababu kioo kilihitaji muda, mtu aliyetembea hakuacha alama, au aliacha kivuli tu kama moshi. Ndiyo maana barabara nyingi katika picha za kale huonekana tupu, kana kwamba mji umehamwa. Aliyesimama tuli alibaki. Aliyekuwa mbioni na mzigo wake alipotea.

Mifupa ya Lucknow

Mwaka 1857 askari wengi wa Kihindi waliasi, na vita vikaenea kaskazini mwa nchi. Mwezi wa Novemba mwaka huo majeshi ya Kiingereza yaliteka bustani yenye kuta iitwayo Sikandar Bagh, katika mji wa Lucknow, na Wahindi wapatao 2,000 waliuawa humo. Mpiga picha Felice Beato alifika huko mwaka 1858, miezi kadha baada ya vita. Katika picha yake mashuhuri jumba limebomoka, Wahindi wachache wamesimama kimya, na mbele yao imetapakaa mifupa ya watu.

Wanahistoria wengi wanaamini kwamba mifupa hiyo haikukutwa hivyo, bali ilitawanywa ili picha itishe zaidi. Waliokufa walikuwa watu kweli, na jumba lilikuwa lile lile. Lakini mpangilio ulikuwa wa mpiga picha. Waliouagiza ushindi huo kwa macho walikuwa wanunuzi wa Uingereza.

Watu waliogeuzwa mifano

Baada ya vita Serikali ilitaka kuwajua watu iliowatawala. Kati ya mwaka 1868 na 1875 vilitolewa London vitabu 8 viitwavyo The People of India, vyenye picha zaidi ya 450. Mtu mmoja aliwekwa kuwa mfano wa kabila zima, na chini yake yakaandikwa maelezo: hawa ni watiifu, hawa ni wakali, hawa ni wezi. Wengi hawakutajwa hata majina. Hivyo mkulima aliyesimama mbele ya kamera kwa dakika chache akawa ushahidi wa tabia ya maelfu ya watu ambao hakupata kuwaona.

Sayyid Ahmad Khan, mwanachuoni aliyeanzisha chuo cha Aligarh mwaka 1875, alivitazama vitabu hivyo London mwaka 1869. Alihuzunika sana. Aliona kwamba vijana wa Kiingereza waliojiandaa kwenda kutawala walivisoma kwanza, na akauliza katika maandishi yake watawezaje kuwaheshimu Wahindi baada ya kuona picha za namna ile.

Katika veranda

Picha nyingine nyingi zilipigwa nyumbani. Bwana wa Kiingereza ameketi katika kiti cha veranda na mkewe; kandokando wamesimama mpishi, dobi, mtunza farasi, mchota maji, na yaya aliyempakata mtoto mweupe. Neno hili "dobi" lenyewe limetoka Bara Hindi likaingia katika Kiswahili pamoja na kazi yake.

Aketiye na asimamaye hawakujipanga kwa bahati. Nyuma ya picha mara nyingi yameandikwa majina ya bwana, bibi, mtoto, na pengine hata ya mbwa. Lakini yaya aliyemlea mtoto huyo huitwa yaya tu. Mamake nani, na watoto wake mwenyewe walilelewa na nani, picha haisemi.

Sherehe na njaa

Tarehe 1 Januari 1877 ilifanywa sherehe kubwa Delhi ya kumtangaza Malkia Victoria kuwa Malkia Mkuu wa Bara Hindi. Wafalme wa Kihindi walikusanyika kwa fahari, na picha zao zikasambazwa. Wakati huo huo njaa kali ilikuwa imeshika kusini mwa nchi. Kati ya mwaka 1876 na 1878 mvua zilikosekana, bei ya nafaka ikapanda kupita uwezo wa maskini, na ngano ikazidi kupakiwa merikebuni kwenda ng'ambo. Inakadiriwa kwamba walikufa watu zaidi ya milioni 5.

Ofisa wa jeshi la Madras, Willoughby Wallace Hooper, aliwapiga picha wenye njaa, wamekaa pamoja, mbavu zikihesabika. Alilaumiwa hata na Waingereza wenzake kwamba aliwapanga watu wanaokufa kama mapambo, asiwape msaada. Hata hivyo, picha zake zimebaki kuwa ushahidi ambao hotuba za sherehe haziwezi kuufuta. Yapasa kuziweka picha hizo mbili pamoja, ile ya Delhi na zile za Madras. Anayeona moja tu hajauona mwaka ule.

Kamera katika mikono ya Wahindi

Lala Deen Dayal alizaliwa mwaka 1844 katika mji wa Sardhana, akasomea uhandisi Roorkee, kisha akajifunza kupiga picha alipokuwa mtumishi wa Serikali. Akawa mpiga picha wa Nizam wa Hyderabad. Alipiga picha za Waingereza wakubwa na za wafalme wa Kihindi kwa ustadi ule ule. Mwaka 1892 ilifunguliwa Hyderabad studio yake ya wanawake wanaotawa, ikisimamiwa na bibi wa Kiingereza, ili mabibi wasionekane na wanaume wageni. Hapo mtu hakuwa mfano wa kabila: alichagua mavazi yake, akalipa, akaipeleka picha nyumbani.

Tarehe 13 Aprili 1919 askari walioongozwa na Jenerali Dyer waliufyatulia risasi umati katika uwanja wa Jallianwala Bagh, mjini Amritsar, uliozungukwa na kuta. Hesabu ya Serikali ilitaja waliokufa 379. Wahindi walisema walikuwa wengi zaidi sana. Mauaji yenyewe hayakupigwa picha. Lakini Narayan Virkar wa Bombay alikwenda akapiga picha za kuta, na katika picha hizo watu wanaonyesha kwa vidole matundu ya risasi. Hakuna damu wala maiti. Kuna ukuta na kidole, na hayo yalitosha.

Mwaka 1943 njaa iliikumba Bengal, na watu wapatao milioni 3 walikufa kwa njaa na maradhi yake. Ilikuwa wakati wa vita, na Serikali ilizuia habari. Gazeti la The Statesman la Calcutta, chini ya mhariri Mwingereza Ian Stephens, liliona kwamba amri zilikataza maneno, hazikutaja picha. Mwezi wa Agosti likachapisha picha za akina mama na watoto wanaokufa katika barabara za mji. Yaliyofichwa yakajulikana Delhi na ng'ambo. Mwezi wa Oktoba Makamu mpya wa Mfalme, Lord Wavell, aliamuru jeshi lisaidie kugawa chakula. Kwa wengi msaada ulikuwa umechelewa.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1947, miongoni mwa waliopiga picha Delhi alikuwa mwanamke wa Kihindi, Homai Vyarawalla, aliyeishi kuanzia mwaka 1913 hadi 2012. Miaka 90 hivi baada ya Lucknow, Mhindi alisimama nyuma ya kamera na watawala wakasimama mbele yake.

Reli ya Mombasa

Habari hii yaihusu Kenya pia. Kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria. Wapatao 2,500 walikufa kazini. Katika picha nyingi za ujenzi huo wamesimama kwa makundi kando ya mataruma, bila majina. Wajukuu wa vibarua waliobaki huko, na Waafrika waliofanya kazi pamoja nao, wakiziona picha hizo hawana njia ya kumjua babu yao ni yupi.

Hasara hiyo yaweza kuzuiwa kwa kalamu tu. Picha iliyo nyumbani leo, iliyoandikwa nyuma jina la kila mtu, mahali na mwaka, itasomeka hata wote waliomo wakiisha kufa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini barabara katika picha za kale huonekana tupu?
2. Kosa la vitabu vya The People of India lilikuwa nini?
3. Picha za Hooper na picha za The Statesman zote zilikuwa za njaa. Zilitofautiana vipi?
4. Chukua picha yoyote ya zamani iliyo nyumbani. Nani aliipiga? Nani ameketi, na nani amesimama? Nani hayumo?