SOMO LETU: PESA ULIYOKOPESHA BIASHARA YA NYUMBANI



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo watu huogopa kuzungumza juu ya pesa na kifo. Leo tuzungumze, maana kunyamaza kumewaumiza wengi.

Mfano
Mama anakopa shilingi 60,000 kwa chama na kumpa mumewe aongeze bidhaa dukani. Duka liko kwa jina la mume. Hawaandikiani kitu, "si sisi ni mwili mmoja?" Mwaka unaofuata mume anafariki. Matanga yakiisha, ndugu wanakuja kugawana bidhaa. Mama akidai pesa yake anaulizwa, "Karatasi iko wapi? Hiyo ulimpa bwana yako tu." Na chama nacho kinamdai yeye.

Sheria inasemaje?
Duka la mtu mmoja, akifa, linaingia katika mali ya marehemu pamoja na madeni yake. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yataka gharama za mazishi na madeni halali yalipwe kabla ya warithi kugawana.

Kwa hivyo mama huyu ana haki mbili. Kama mjane mwenye watoto, pasipo wosia, anapata vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali iliyobaki, lakini si kuiuza apendavyo. Kama mdai, deni likilipwa, hiyo ni pesa yake kabisa. Lakini deni lataka ushahidi. Bila ushahidi litaitwa zawadi. Na baba aliyekopesha biashara ya mkewe yuko katika hali hiyo hiyo.

Tufanye nini tukiwa hai?
1. Tuandikiane: tarehe, kiasi, kazi ya pesa, na itarudishwa lini. Wote wawili watie sahihi mbele ya shahidi, na kila mtu abaki na nakala.
2. Tupitishe pesa benki au kwa M-Pesa, na tuandike katika kitabu cha duka kila kinachokopwa na kila kinacholipwa.
3. Deni la mkataba hudaiwa mahakamani ndani ya miaka 6. Muda ukikaribia kuisha, mwenye deni akiri tena kwa maandishi.
4. Mwenye duka aandike wosia na kulitaja deni. Mashahidi wawe wawili au zaidi, na wasiwe wanaorithi katika wosia huo.

Kifo kikitokea
Usiuze kitu wala usiache mtu abebe bidhaa. Kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 45, hata kwa ndugu wa damu. Tafuta cheti cha kifo na barua ya chifu, kisha uende mahakamani kuomba usimamizi wa mali. Deni lako liweke wazi katika orodha ya madeni. Ukilificha halafu ujilipe kimya kimya, utaonekana mwizi katika nyumba yako mwenyewe.

Wengine watasema kuandikiana ni kukosa kuaminiana. Sisi twasema hapana. Karatasi hiyo si ya kumshtaki mwenzako. Itakusemea siku ambayo yeye hawezi tena kukusemea.

Maswali ya kujadili
1. Nyumbani kwetu, nani anajua biashara inadaiwa nini na nani?
2. Wiki hii tutaandika nini?