Aleji ya Mbwa: Damu Huibadilishi, Nyumba Unaiweza

Mbwa akijikuna mara mojamoja, mwache. Akijikuna usiku kucha, akilamba miguu ya mbele mpaka manyoya yageuke rangi ya kutu, masikio yakinuka leo na kunuka tena mwezi ujao, hapo kuna kazi. Huenda ni aleji, na aleji hutoka pande mbili: damu aliyorithi na mahali anapolala. La kwanza huliwezi. La pili liko mikononi mwako.

Angalia umri. Aleji ya ngozi ya kurithi huanza kujionyesha kati ya miezi 6 na miaka 3. Mbwa wa miaka 9 ambaye ndiyo kwanza anaanza kuwashwa, mtafutie sababu nyingine.

Angalia ukoo. German Shepherd, huyu tunayemwona kwenye mageti mengi ya Nairobi na Dar es Salaam, ni kati ya wanaorithi sana tatizo hili. Labrador, Golden Retriever, Boxer na Bulldog wamo pia. Wa kienyeji naye anaweza kupata, kwa hiyo usimpuuze.

Sasa tazama anajikuna wapi. Miguu ya mbele, masikio kwa ndani, kwapa na tumbo: shuku vumbi, chavua au chakula. Kiunoni na kwenye shina la mkia: shuku viroboto. Ukingo wa sikio na viwiko: shuku ukurutu, na huo huambukiza, hata watoto wa nyumbani wanaweza kuwashwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akwangue ngozi na kupima.

Maliza viroboto kwanza, hata kama huwaoni. Mbwa mwenye aleji ya mate ya kiroboto huhitaji kuumwa mara chache tu ili awashwe mwili mzima. Mchane kwa kitana chembamba juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vipunje vyeusi vikiacha wekundu kwenye maji, hicho ni kinyesi cha kiroboto, na wekundu ule ni damu ya mbwa wako.

Tibu wanyama wote wa nyumbani siku moja. Paka mnunulie dawa yake mwenyewe: permethrin inayomfaa mbwa inaweza kumuua paka. Kisha geukia banda. Viroboto walio juu ya mbwa ni wachache. Mayai na mabuu yamejaa kwenye matandiko na nyufa za sakafu. Fagia, ziba nyufa, fua matandiko, na endelea na dawa miezi 3 bila kuruka. Wengi huacha baada ya wiki mbili, ndiyo maana viroboto hurudi.

Tafadhali, usimpake mbwa oili chafu ya gari. Huunguza ngozi, na akijilamba anaimeza sumu yake.

Viroboto wakiisha na mwasho ukabaki, shughulikia vumbi. Ndani yake mna utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho, wanaopenda joto na unyevu. Ukiishi Mombasa, Tanga au Unguja, hali ya hewa iko upande wao. Tupa godoro kuukuu analolalia. Mpe matandiko ya kitambaa, uyafue kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60, kisha uyaanike juani yakauke kabisa. Inua kitanda chake kutoka sakafuni na acha upepo upite bandani. Akitoka kwenye majani, mfute miguu na tumbo kwa kitambaa chenye maji.

Muogeshe mara moja kwa wiki kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya mbwa. Povu likae dakika 10 ndipo usuuze. Sabuni ya unga ya kufulia humkausha ngozi na kuongeza mwasho.

Una mtoto wa mbwa? Akishamaliza chanjo, usimfungie kwenye sakafu ya saruji mchana kutwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, waliona kuwa mbwa wa shamba, wanaoishi na wanyama wengine na familia kubwa, walikuwa na dalili chache za aleji kuliko wa mjini. Udongo, nyasi na wenzake vina faida. Hiyo si tiba ya mbwa ambaye tayari anaumwa, lakini kwa mtoto ni malezi mazuri.

Chakula kijaribu kwa utaratibu. Nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano ndivyo vinavyotajwa zaidi. Chagua nyama ambayo hajawahi kula, labda sungura au mbuzi, na viazi vitamu. Mpe hivyo tu kwa wiki 8. Mlinzi, dada wa kazi na watoto wote waambiwe, maana kipande kimoja cha mfupa wa kuku kinaharibu jaribio lote. Akipata nafuu, mrudishie chakula cha zamani: mwasho ukirudi ndani ya wiki mbili, umepata jibu.

Sindano ya kuzuia mwasho inasaidia, ila uliza jina lake na uliandike. Nyingi ni steroidi, na kuzirudia ovyo humletea mbwa unene, kiu na maambukizi.

Ukienda kununua mtoto wa mbwa, omba kumwona mama, na baba kama yupo. Shika masikio, tazama kwapa na nyayo. Muuzaji akikataa, ondoka. Na kama wako ana aleji, usimzalishe, hata jirani akikuahidi bei nzuri. Mhasi.