Dondoo muhimu: Moto ukishazimwa, mtaani Membley
Usikimbilie ndoo na ufagio. Piga picha kila chumba kwanza, kisha uripoti polisi upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio), maana kampuni ya bima itaiuliza. Stima isirudishwe kabla fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kawi) hajakagua nyaya, hata kama mita bado ina tokeni.

Kazi yenyewe ni masizi. Yana mafuta, kwa hiyo ukiyamwagia maji mapema, weusi hunywewa na ukuta. Vaa barakoa, fungua madirisha, uyafute kwa sponji kavu kuanzia dari. Ndipo ulete maji vuguvugu na sabuni ya vyombo.

Unga na dawa zilizopata joto hutupwa, hata pakiti ikiwa haijafunguliwa. Godoro linalonuka moshi? Litupe tu, kulianika ni kujichosha.