Kurani ikikatika: namna ya kutumia gurupe pa nyumba

Bukavu iko karibu na Ruzizi I, ya miaka ya 1950, na Ruzizi II, iliyoanza 1989, lakini kurani inakatika kila mara. Umeme wa Ruzizi II tunaugawana na Rwanda na Burundi, mji umekua, na takataka za plastiki toka Ziwa Kivu zinaziba mashini. Kwa hiyo wengi wetu tumenunua gurupe ndogo ya esanse juu ya kulinda sambaza ao maziwa.

Tuanze na jambo linaloua. Moshi wa gurupe uko na hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wanaiweka mu kuluwari ao mu dipo sababu ya wezi, na wezi kweli wako. Lakini mlango ukifungwa, sumu inajaa na wanaolala hawaamuki tena. Iweke nje, angalau mita 6 toka madirisha, chini ya kipande cha bati bila kuta, na uifunge na munyororo kwenye nguzo. Kichwa kikianza kuuma watu wawili watatu kwa pamoja, tokeni wote nje kwanza, maswali yatafuata.

Tena, usiingize kurani ya gurupe mu prizi ya ukuta. Inarudi kwenye waya za SNEL na inaweza kuua fundi aliye juu ya nguzo. Fundi akuwekee inverseri.

Juu ya nguvu: Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mashini inapoteza karibu 15%. Gurupe ya wati 1,000 inakupa kama 850. Frigo ya wati 150 inaomba mara 3 ao zaidi wakati wa kuwaka, basi iwashe peke yake, kisha taa. Pasi, hapana!

Esanse ni bei. Konjelateri iliyojaa sambaza, bila kufunguliwa, inashika baridi karibu saa 48. Ikiwa nusu, saa 24. Saa mbili asubuhi na mbili jioni zinatosha. Frigo ya kawaida haivumili hivyo: inashika saa 4 tu, basi maziwa ndiyo ya kuuza kwanza.

Mafuta ya mashini yabadilishwe baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Na kabla ya kutia esanse, zima, ngoja ipoe. Bidoni isilale mu chumba cha watoto.